Begi la Magurudumu Manne Kwenye Meza ya Majani

Leo nimeumbuka, wenzangu. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya watu, chini ya mizani niliyoisimamia mwenyewe miaka ishirini na saba. Naandika mapema kwa sababu kuna video inazunguka, na video haielezi. Inaonyesha tu mzee anakimbia. Ilikuwaje akafika pale, hiyo haionyeshi.

Kwa wale hamnijui (naona kuna namba mpya kwenye hii grupu): mimi nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, huku upande wa Kapkatet. Nilikuja kutoka Siaya nikiwa kijana mwenye nywele, nikapewa daftari na mizani, na sijarudi. Watu wa hapa walishaacha kuniita kwa jina. Wananiita Karani. Hata pasta ananiita Karani. Nilistaafu vizuri, nikala pumziko langu kidogo, halafu mwaka jana nikapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto umebaki kama kitu cha kuazima. Mguu wa kushoto unakuja, lakini unakuja ukitaka. Mkono wa kulia ni mzima, na kazi yake siku hizi ni moja tu, kushika fimbo. Sasa nihesabieni mikono iliyobaki ya kushika begi.

Begi la nini? Binti yangu Atieno amejifungua. Yuko Mombasa kwa mume wake. Ni mjukuu wangu wa kwanza na anabatizwa Jumapili. Atieno amenikatia tikiti ya ndege ya Jumamosi, kutoka Kisumu. Mimi ndege nimeziona tu zikipita juu ya majani chai, nimeinua kichwa, na mkulima hapo mbele ananiambia, "Karani, soma kilo kwanza."

Shida ni dada yangu Peres. Peres amenizidi miaka minne, na tangu niugue ameniongezea mingine mingi. Tukienda kliniki, daktari ananiuliza, "Mzee unajisikiaje?" Peres anajibu, "Tunajisikia vizuri." Ananipangusa mdomo na leso yake mbele ya wauguzi. Leso hiyo hiyo ndiyo anayofungia miwani. Sasa Atieno alikuwa ameamua Shangazi Peres ndiye atanisindikiza mpaka Mombasa. Nikakataa. Tumebishana kwa simu wiki nzima, mpaka jana akachoka.

"Baba, sikia," akasema. "Nunua begi ya magurudumu. Alafu unitumie video ukitembea na hiyo begi wewe mwenyewe, kutoka kwa nyumba mpaka barabara, bila mtu kukushika. Nikiona umeweza, kuja peke yako. Nikiona hujaweza, nakata tikiti ya Shangazi. Na hakuna kubishana."

Nikakubali. Kwa umri wangu nimerudi kufanya mtihani.

Nawaomba mnielewe kidogo hapa. Tangu niugue, sijawahi kwenda mahali peke yangu kupita hapo Kapkatet. Kila safari kuna mtu amenishika kiwiko. Wananishika kwa upendo, najua, lakini mtu akishikwa kiwiko mwaka mzima anaanza kujiona ni mzigo. Nilitaka mara moja tu kufika kwa mwanangu kama baba anayekuja, si kama kifurushi kinacholetwa.

Asubuhi ya leo nikaenda Kapkatet kwa Mama Shiru. Mama Shiru anauza mabegi, magodoro na masanduku ya bodi. Ni mama wa kutoka Murang'a, yuko hapa miaka mingi, na bidhaa zake anazijua. Wengine wangeniuzia begi la kwanza nililoligusa. Yeye aliniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Karani, utakuwa unatumia mkono gani?"

Nikamwonyesha. Akafikiria. Akashusha mabegi matatu, akayapanga sakafuni, akaniambia nitembee na kila moja mpaka mlangoni na kurudi. (Wateja wengine walikuwa wanangoja. Wakakaa juu ya magodoro wakaanza kutazama.)

La kwanza lilikuwa la kitambaa. Kabla sijaligusa, aliligeuza miguu juu. Vigurudumu viwili vidogo vya plastiki. "Hii wacha tu. Ukifika kwa geti imeisha."

La pili lilikuwa jeusi, lenye magurudumu mawili makubwa ya mpira na mkono mrefu wa chuma. "Hii sasa ndio ya huku. Hii inapita kwa mawe. Na ukiiwachilia, inasimama hapo hapo inakungoja."

Ni kweli, lakini begi la magurudumu mawili unalivuta likiwa limeinama, na uzito nusu unaning'inia mkononi. Nililivuta na mkono wa kulia, fimbo nikaibana kwapani. Fimbo ikaanguka. Nikajaribu mkono wa kushoto. Vidole vikaachilia. Mama Shiru hakukata tamaa. Akatoa mkanda, akafunga upande mmoja kwenye begi, upande mwingine akanizungushia kiunoni.

"Kuna mzee wa Litein nilimfunga hivi. Anavuta na kiuno, mikono yake iko huru. Hata ameshafika Nairobi na kurudi."

Nikajiona kwenye kioo chake cha dukani. Nikasema mimi si ng'ombe wa plau, nifungue.

(Hapo ndipo nilipokosea. Wekeni alama.)

La tatu lilikuwa gumu la plastiki, rangi ya zambarau, lenye magurudumu manne yanayozunguka kila upande. Hulivuti. Linasimama wima kando yako na wewe unalisukuma tu. Kwenye vigae vya Mama Shiru nililisukuma kwa kidole kimoja cha mkono ule wa kuazima, likaenda kando yangu polepole na adabu zake zote. Mkono wake unafika kiunoni, huinami. Zipu zina pete kubwa ambazo hata kidole gumba changu cha kushoto kinaweza kuingia. Ni jepesi likiwa tupu. Nililipenda papo hapo, nawaambia ukweli.

Mama Shiru akatikisa kichwa. "Karani, hiyo ni ya simiti. Ni ya eapoti. Hapa kwetu ni wapi kuko flati? Na haina breki. Wewe utakuwa unaenda huku, yeye anaenda huko."

"Mama Shiru, mimi nimeshughulika na mizigo miaka ishirini na saba."

"Ulikuwa unapima. Kubeba ni wengine walikuwa wanabeba."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu ni ya kweli. Nikanunua la zambarau.

Nikafika nyumbani, nikapakia. Suti ya ubatizo. Mashati matatu. Sweta nne (najua, Mombasa kuna joto, lakini nimekaa kwenye baridi hii miaka mingi na mwili wangu hauamini habari za joto). Fulana. Soksi. Pakiti za majani chai za kumpelekea mkwe. Kibuyu cha mursik, maziwa ya hapa, nimekizungushia taulo.

Na kuna kitu kingine. Sikutaka kuwaambia, ila bila hicho kisa hakitaeleweka. Tangu kiharusi, haja ndogo inanipa notisi fupi sana. Nyumbani naweza, choo kiko karibu. Safarini siwezi. Daktari alinishauri, Peres akiwa ametoka nje, ninunue nepi za watu wazima. Nilizinunua Kericho siku hiyo ya kliniki, Peres akiwa kwenye foleni ya dawa, kwenye duka ambalo hakuna anayenijua, na nikazunguka huko nje mara tatu kabla ya kuingia. Pakiti moja. Nikaifunga kwa gazeti nikaizika chini kabisa ya begi, chini ya sweta. Peres hajui. Atieno hajui. Sasa nyinyi mnajua.

Tikiti inasema begi lisizidi kilo ishirini. Nyumbani sina mizani. Mizani iko kituoni, chini ya mteremko, kando ya barabara. Nikaona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja: nitashuka na begi mwenyewe kutoka kwenye nyumba mpaka barabarani, Chebet anichukue video, halafu anipimie. Chebet ndiye karani wa sasa. Nilimfundisha kazi mimi, na simu yake ni nzuri kuliko yangu. Nikampigia saa nane.

"Chebet, kuna watu hapo?"

"Wako kiasi."

Ningeuliza kiasi gani. Sikuuliza. Nikampa namba ya Atieno nikamwambia, "Ukimaliza kuchukua video tu, tuma."

Kumbe lori la kiwanda lilikuwa limekwama upande wa Kaplong. Wakulima wote wa kituo walikuwa pale tangu asubuhi, wamekaa juu ya magunia yao, wamemaliza habari zote za kanisa na za siasa, na hawakuwa na kitu kipya cha kutazama.

Mimi natoka getini sina habari. Pale getini kuna nyasi. Vile vigurudumu vinne vilipoona nyasi viligoma. Nikasukuma kwa mkono, nikasukuma kwa goti, nikasukuma kwa tumbo. Nilifika kwenye barabara ya murram nimelowa jasho kama mtu aliyetoka kulima. Murram yetu imeshindiliwa na mvua na miguu, ni ngumu na laini juu, na kutoka pale inateremka moja kwa moja mpaka kituoni, karibu mita mia mbili. Hapo begi likaanza kwenda. Lenyewe. Fimbo kulia, begi kushoto, mimi katikati. Nikasema moyoni, laiti Mama Shiru angeniona.

Nikaita, "Chebet, anza!"

Chebet akainua simu. Wakulima wote wakageuka. Nilipoona umati ule ningerudi, lakini kurudi ni kupanda, na kupanda na begi nisingeweza. Basi nikanyoosha mgongo. Nikaona nikiwa kwenye video ya kupelekwa Mombasa inafaa nipunge mkono kidogo. Nikainua fimbo nikapunga.

Mwili wangu siku hizi haufanyi mambo mawili kwa wakati mmoja. Wa kulia ulipopanda kupunga, wa kushoto ulifunguka bila kuniuliza. Begi likagonga kijiwe, likageuka likatazama bonde, likaondoka.

Mwanzoni lilienda polepole, hata nikadhani litasimama. Nililiambia, "Simama." (Ndiyo, nilisema na begi.) Halafu likashika mwendo. Nikaona suti, mursik na ile pakiti vinaelekea kwa watu bila mimi. Nikatupa fimbo nikalifuata.

Mbio zangu mtaziona kwenye video, sitazieleza sana. Mguu wa kulia ulikimbia. Wa kushoto uliburutwa ukaja. Mikono sijui ilikuwa wapi. Begi lilikuwa likipiga mawe, linaruka, linazunguka, linaendelea kwa mgongo, linageuka tena. Hakuna aliyelizuia. Watu wa kituo wamezoea kupisha lori, wakaona kitu kinashuka kwa kasi, wakapisha. Kogo Taprandich, bibi mmoja mzee sana ambaye amekuwa akileta majani pale tangu kabla yangu, alivuta gunia lake kando ili begi lipite vizuri.

Likaruka mtaro. Likaingia kituoni, kwenye sakafu ya simiti. Hapo sasa likapata ile simiti yake ya eapoti. Likatulia. Likapita kando ya foleni yote ya magunia likitembea kwa adabu ileile ya dukani, likaenda kusimama kwenye mguu wa meza, chini kabisa ya ndoano ya mizani.

Mimi nilifika baadaye kidogo, nikashika nguzo nikahema. Kisha Kogo Taprandich akasema, bila haraka, "Karani, begi yako imeruka laini."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Na niseme kweli, nilistahili. Katika siku zangu, mtu akiruka foleni nilikuwa namrudisha mwisho, hata kama mvua inanyesha. Nikajifanya nacheka nao. Nikamwambia Chebet kwa sauti ya chini, "Nipimie haraka niende."

Chebet aliangalia begi, akaangalia wakulima, akaniangalia mimi. "Mzee, inafaa imwagwe kwanza."

"Chebet, ni nguo."

"Najua ni nguo. Lakini ni wewe ulinifunza. Mzigo haipandi mizani kama haijapita kwa meza. Hata ikiwa ni ya mamako. Ulisema hivyo."

Nilisema hivyo. Na si kusema tu, niliiandika ukutani kwa rangi nyeupe na mkono wangu, na iko pale mpaka leo juu ya kichwa cha Chebet. Kwa wasiojua chai: mkulima akifika anamwaga majani mezani, karani anayageuza, anatafuta jani kuu, yaani lililozeeka, jani lililokauka, vijiti na takataka. Kinachotakiwa ni majani mawili na kichipukizi. Kilichozidi kinatupwa kando, mwenyewe arudi nacho. Niliweka sheria kali kwa sababu mtu mmoja, simtaji, alikuwa ameficha mawe chini ya gunia. Na mimi sikumwonea mtu huruma. Nilirudisha majani ya wazee, ya wajane, ya mwenyekiti wa kanisa. Wote walikuwa wamesimama pale sasa.

"Imwagwe," mtu akasema.

"Imwagwe kabisa," wengine wakaitikia.

Ningeweza kukataa. Ningechukua begi langu nikae kando mpaka waondoke. Lakini nilimwangalia Chebet na nikajua kitakachofuata. Akinipitisha mimi leo bila meza, kesho kila mtu atakuja na jina la mtu wake, na msichana yule hatapumua tena kwenye kile kituo. Hiyo kazi naijua. Nikasema, "Mwaga."

Chebet akaitia simu mfukoni. Mungu ambariki kwa hilo. Akafungua zipu kwa zile pete kubwa, rahisi kabisa, akainamisha begi. Maisha yangu yakamwagika mezani.

Sasa, mkulima wa chai ukimwekea kitu kwenye ile meza, mikono inaanza kazi yenyewe. Wakazunguka meza. Wakatandaza. Wakageuza. Bwana mmoja akainua sweta. "Sweta nne Mombasa? Hii majani ilikaa sana kwa shamba." Akasukuma mbili kando, upande wa takataka. Soksi zangu zikakutwa haziendani. "Hii imechanganywa." Kibuyu cha mursik kilinuswa na kupitishwa bila maswali. Halafu fulana yangu, ile yenye matundu ambayo nilidhani nitaivaa ndani tu. Kogo Taprandich aliinyanyua kwa vidole viwili, akaiangalia kwenye mwanga vile mimi nilivyokuwa naangalia majani yake, na akaiweka kando.

"Hii ni kuu," akasema. "Rudi nayo nyumbani."

Nilisimama nimeshika nguzo, sina fimbo, nacheka kwa meno tu. Nilikuwa nimechoka, wenzangu. Nimechoka mguu, nimechoka mkono, nimechoka hata uso. Nilikuwa naangalia kitu kimoja, kile kifurushi cha gazeti, nikiomba wasifike huko.

Wakafika. Gazeti lilikuwa limeraruka kwenye zile ajali za njiani. Pakiti ikateleza ikatoka, ya samawati, ina picha ya mzee na bibi yake wanatabasamu.

Mtu mmoja wa nyuma, ambaye haoni vizuri, akauliza, "Ni nini hiyo? Nepi?"

"Ni nepi."

"Ya mjukuu?"

Mwingine akaikaribia, akaangalia saizi. "Huyu mtoto amezaliwa na kilo ngapi?"

Alikuwa anauliza kwa nia njema, nadhani. Kisha akaona ile picha. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia chini. Mmoja baada ya mwingine wakafanya hivyo hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini kituo kimejengwa kwa simiti nzuri, nilisimamia ujenzi wenyewe. Nimewahi kuzika mke na nikalia mbele ya watu hawa hawa, na sikuona aibu. Leo niliona aibu.

Kogo Taprandich akanyoosha mkono, akaichukua ile pakiti. Akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, bila haraka, kama anayekagua.

"Watoto wa Mombasa wako wakubwa," akasema. "Ni ile joto."

Akaiweka upande wa majani mazuri. Akachukua koti la suti yangu, akalikunja, akalilaza juu yake mpaka pakiti isionekane.

"Hii ni majani mawili na kichipukizi. Endelea, Chebet."

Hakuna aliyecheka. Watu walioicheka fulana yangu mpaka machozi, hakuna hata mmoja aliyecheka. Wakaanza kurudisha nguo zote ndani ya begi, hata zile za kando, vizuri kuliko nilivyozipanga mimi. Nikasogea karibu na Kogo nikamwambia, "Kongoi, Kogo." Asante.

Akaniangalia. "Ile siku ya mvua ulinirudisha na kikapu yangu, bado nakumbuka," akasema, akarudi kukaa juu ya gunia lake.

Begi likapanda mizani. Kilo ishirini na moja na nusu. Chebet, kwa mazoea, akasoma kwa sauti, "Natoa moja ya gunia, inabaki ishirini na nusu." Bwana wa sweta akasema amezeeka lakini hajawahi kuona mtu anafurahi kukatwa kilo. Nikawaachia sweta mbili, fulana nikaitia mfukoni, na begi likarudi chini ya ishirini. Gurudumu moja, nikaona sasa, lilikuwa limeng'oka. Halijapatikana mpaka naandika.

Kisha simu yangu ikalia. Atieno. Chebet alikuwa ametuma video kama nilivyomwagiza, kabla hata ya meza. (Alituma pia kwenye grupu ya wakulima. Hilo sikumwagiza.)

Nikapokea. Nilisikia mtoto analia kule nyuma, kisha akanyamaza.

"Baba."

"Naam, mama."

"Fimbo yako iko wapi?"

"Iko huko juu barabarani."

"Nimeona. Nimeiona ikianguka. Nimerudia hiyo video sijui mara ngapi. Baba, ulikimbia?"

"Kukimbia ni neno kubwa."

Akavuta pumzi puani. Sikujua kama anacheka au analia, na mtandao wa bonde hili haukusaidii kujua. "Daktari si alisema huwezi kwenda hatua kumi bila fimbo?"

"Daktari hakuwa na begi."

Hapo alicheka, nikasikia wazi. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mtu na mwenyewe hakunifukuza. Nilingoja hukumu.

"Sawa," akasema. "Kuja peke yako."

Nikaangalia majani chai kule ng'ambo.

"Lakini hiyo begi siiamini," akaendelea. "Hiyo begi itakuja na Shangazi, kwa basi ya kesho. Nimeshamwambia, anafika kwako asubuhi."

"Atieno, mama, ngoja kwanza..."

"Tulisema hakuna kubishana."

Kwa hivyo matokeo ndiyo hayo. Mimi nimefaulu, nasafiri peke yangu kama mtu mzima, na begi ndilo limepewa mtu wa kulishika mkono mpaka Mombasa. Peres hawezi kukaa karibu na begi la mtu bila kulifungua akunje nguo upya. Kwa sababu hiyo nimetoa kitu kimoja humo, nimekitia kwenye kikapu kidogo cha mkononi, nimekifunika na taulo. Kikapu hakina magurudumu. Nitakibeba mwenyewe kiwikoni.

Najua mnaandika "pole Karani" huku mmeshika mbavu. Ile ya mbio chekeni, nimewaruhusu, hata binti yangu amecheka. Ile ya mezani niachieni. Hata Kogo Taprandich, ambaye ana haki, hakucheka.